Evodia Alishindwa Kumlilia Anselm

Jina langu Martina, ila hapa Mkiwa ukiuliza Martina utapotezwa njia. Uliza Mama Gerald wa vitunguu. Meza yangu na ya Evodia zilikuwa zinagusana, pale mabasi yanapopunguza mwendo kabla ya njia panda ya Itigi, na tumeuza vitunguu pamoja tangu mwanangu wa kwanza ananyonya. Kwa hiyo haya ninayoyasema sikuhadithiwa na mtu. Wanaoyasimulia kwa namna nyingine wapo, na nyumba zao nazijua.

Kwanza ujue kwamba Evodia alikuwa mtu wa machozi ya karibu. Ukimwambia mbuzi wa jirani kazaa mfu, machozi yanamlengalenga. Siku moja tulikwenda Issuna kufuata vitunguu kwa mkulima mmoja, njiani tukapita penye turubai la msiba. Marehemu alikuwa bibi ambaye hatumjui wala hatujui ukoo wake. Evodia akasema tupite tuwape pole, si vizuri kupita tu. Tulipoingia, alilia mpaka wenye msiba wakaanza kuulizana huyu ni mtoto wa mama yupi. Tulivyotoka nilicheka njia nzima. Nilimwambia, "Wewe Evo, siku nikifa nitakuachia ndoo uweke chini ya kidevu, maji yasipotee bure." Naye akacheka huku anajifuta. Kisa hicho nikakisimulia barabara nzima.

Mumewe, Anselm, alikuwa mkulima wa alizeti, mrefu, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Hawakujaliwa mtoto. Dada yake Anselm, Emiliana, anayeishi Singida mjini, alishamwambia aoe mwanamke mwingine. Kaka yao mkubwa, Gasto, ndiye msemaji wa ukoo, naye aliwahi kumwitia kikao kabisa kwa jambo hilo. Anselm aliwajibu kwamba nyumba yake ina watu wawili na wanamtosha. Jibu lilikuwa la Anselm, lakini aliyenuniwa kwa miaka yote iliyofuata ni Evodia.

Huku kwetu upepo hauna likizo. Mvua zikishakatika, unavuma asubuhi mpaka jioni, na sisi wa barabarani tunaupata pamoja na vumbi la malori na moshi wa wachoma mahindi. Macho ya Evodia yalianza msimu kama huo. Yalianza kwa kutoa maji. Akikaa kwenye upepo kidogo tu, maji yanamtiririka mpaka shingoni, na sisi tukamtania kwamba sasa analia hata bila msiba. Mwenyewe alienda duka la dawa, akaeleza kwamba macho yake yana maji mengi kupita kiasi na yanawasha. Muuzaji akampa matone ya kuondoa wekundu. Siku za mwanzo macho yaling'aa, akafurahi. Baada ya hapo yakawa mekundu kuliko mwanzo, akarudi dukani, akapewa chupa nyingine ya matone yaleyale. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mtu anatokwa na maji machoni mchana kutwa, nani atamwambia kwamba ugonjwa wake ni ukavu?

Baadaye maji yalipungua, na sisi mabingwa wa barabarani tukasema dawa imefanya kazi. Kumbe ndiyo kwanza anazidiwa. Aliniambia, "Mama Gerald, ni kama mtu kanitia mchanga wa mtoni ndani ya kope, halafu kila nikipepesa anausaga." Asubuhi kope zilikuwa zinagandana. Mwanga wa saa sita ulikuwa unamchoma, akawa anaongea na wateja macho yamefumba, na mteja wa kwenye basi anadhani anadharauliwa. Na si macho tu. Mdomo nao ulikauka. Tulipokula mchana, kila tonge la ugali alilisukuma kwa maji, na vidole vikawa vinamuuma hata kufunga neti ya vitunguu nikawa namfungia mimi. Tukasema ni umri, maana umri ndiyo daktari wa wasiokwenda hospitali.

Alinunua miwani myeusi kwa machinga mmoja, ile mikubwa ya kufunika mpaka pembeni. Ilimsaidia, upepo haukumwingia sana. Lakini siku Emiliana alipopita kwenda Manyoni na basi likasimama, alichungulia dirishani akasema kwa sauti ya kusikika gari zima, "Wifi! Siku hizi umekuwa msanii? Unauza vitunguu au unapiga picha?" Watu wakacheka. Evodia akaivua miwani na sikumwona akiivaa tena pale barabarani.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa mjini hawalijui, au wanalijua na wanajifanya hawalijui. Mwanamke aliyevuka umri wa kuzaa, asiye na mtoto, mwenye macho mekundu, huku kwetu hahesabiwi mgonjwa. Anaanza kusemwa. Hakuna atakayemwambia usoni. Wataanza kuwaita watoto wao ndani anapopita. Evodia alilijua hilo vizuri, bibi yake mzaa mama alihamishwa kijiji kwa maneno hayohayo. Ndiyo maana aliyaficha macho yake. Ninawasikia wanaosema mficha maradhi kifo humuumbua, na ni kweli, lakini Evodia hakuficha kwa kiburi. Aliogopa, na alikuwa na sababu ya kuogopa.

Aliyejua yote alikuwa Anselm peke yake. Nilipokuwa nampitia asubuhi twende mezani, niliwakuta mara nyingi kwenye kibaraza: Evodia ameegemea ukuta, Anselm kachuchumaa mbele yake na bakuli la maji ya moto. Alikuwa anachovya kitambaa safi, anakikamua, anajipima nacho kwanza shavuni mwake kama kinaunguza, ndipo anakilaza juu ya kope za mkewe. Anasubiri. Kikipoa anachovya tena. Halafu kwa kidole anasukuma kope taratibu kuelekea kwenye kingo zake, mpaka zinaachiana. Hakufundishwa na mtu. Alijaribu tu akaona mkewe anapata nafuu, akawa anafanya kila siku. Hata mimi nilikuwa naona wivu kidogo, maana wangu hajawahi kunichemshia hata maji ya chai.

Ilipita timu ya madaktari wa macho pale zahanati. Evodia alikwenda kwa siri, akapanga foleni na wazee wa mtoto wa jicho. Zamu yake ilipofika jua limeshakwenda, wakamwangalia kwa tochi, wakamwambia hili si la kutibiwa hapa, nenda hospitali ya mkoa wakakupime vizuri. Yeye na Anselm wakakubaliana: alizeti ikishapigwa na kuuzwa, wanakwenda wote wawili.

Alizeti haikumalizika kupigwa. Anselm alianguka shambani akiwa na fimbo ya kupigia mkononi. Waliokuwa naye walidhani kajikwaa. Walipomfikisha zahanati alikuwa amekwisha kufa, na mganga akasema ni presha. Presha gani, wakati mwanamume yule hata kugombana hakujua? Lakini ndivyo ilivyoandikwa na ndivyo tulivyoambiwa.

Nilikuwa wa kwanza kufika kwa Evodia. Nilimkuta sakafuni ameshika buti za mvua za mumewe, amezikumbatia mbili zote, analia. Nasema analia kwa sababu nimelia misiba mingi na kilio nakijua. Sauti ilikuwa inatoka tumboni, mwili wote unatetemeka. Lakini uso ulikuwa mkavu kabisa, na macho mekundu yamekodoka. Aliniambia, "Kimenikaba hapa, Mama Gerald. Hakishuki, hakitoki. Zamani kilikuwa kinatoka." Nikamshika.

Watu wakajaa, turubai likafungwa, wanawake wakakaa kwenye mikeka ndani. Kwetu mtu haji msibani kimyakimya. Ukifika kwenye kona ya nyumba unaanza kilio chako, unaingia nacho mpaka kwa mfiwa, unamwangukia, mnalia pamoja. Kila anayemwangukia mfiwa anauona uso wake kwa karibu. Na kila aliyemwangukia Evodia aliinuka na jambo la kunong'ona. Mpaka alasiri nilikuwa nalisikia nyuma yangu: "Hana hata chozi." "Angalia, machozi ya msiba wa Issuna wa watu asiowajua aliyatoa wapi?" "Na macho yenyewe yalivyo." Niligeuka nikawaambia kwamba mtu anaweza kuumwa macho. Mmoja wao, Asnath, ambaye mimi ndiye niliyemshikia taa siku anajifungua, akanijibu, "Tunaumwa sote, Mama Gerald, na bado tunalia."

Emiliana alifika na basi la jioni. Alianza kilio tangu barabarani, akaingia amebebwa na wanawake wawili, akamwangukia wifi yake. Halafu akanyamaza ghafla. Alimshika Evodia kidevu akakigeuzia kwenye mwanga wa mlango, akamtazama jicho la kulia, akatazama la kushoto. Aliinuka akaenda kukaa upande wa pili wa chumba, na wanawake wa ukoo wakamfuata mmoja mmoja mpaka Evodia akabaki mkeka mzima na mimi.

Asubuhi ya maziko Evodia aliniambia, "Leo wataniweka mbele ya jeneza. Watu wote watakuwa wananitazama mimi, hawatamtazama yeye." Nikamwambia anitazame mimi tu, nitasimama karibu. Akaitikia kwa kichwa. Akaomba aingie chumbani abadili kitenge, akakaa huko kidogo, akatoka.

Katekista alisali, tukaimba, ukafika wakati wa kuaga. Mjane hutangulizwa. Evodia alisogea, akainama juu ya Anselm, akaleta pindo la khanga machoni. Ndipo nikasikia harufu. Mtu anayeuza kitu miaka yote hiyo, pua yake haikikosi, nami nikajua kabla sijaona. Alikuwa amekata kitunguu chumbani, kile chekundu chetu kikali, akakifunga kwenye pindo, na sasa alikuwa anakisukuma machoni kwa mkono wote.

Mjinga mmoja anaweza kucheka hapa. Sisi wauza vitunguu tulikuwa tunajua kitu kimoja tu kisichoshindwa kutoa machozi, na yeye alikikimbilia. Chozi halikuja. Kilichokuja ni moto. Alipiga yowe ambalo halikuwa la msiba, akarudi nyuma anajishika macho kwa mikono ileile iliyokata kitunguu, anasugua, pindo likafunguka, na nusu ya kitunguu ikadondoka, ikabiringika mpaka mguuni kwa Emiliana.

Emiliana alikiokota. Alikinusa, ingawa hapakuwa na haja. Akakiinua juu kila mtu akione, mpaka wanaume waliokuwa nje wamesimama na majembe.

"Kitunguu!" alisema. "Ndugu yangu analiliwa kwa kitunguu!"

Gasto alikuja, akamshika dada yake bega, akamwambia katekista aendelee. Tulimzika Anselm. Evodia hakumwona mumewe akishushwa, maana macho yalikuwa yamevimba yamefunga, na mimi ndiye niliyemshika mkono akatupa udongo. Alitupa pembeni, nikamwelekeza, akatupa tena.

Nilimwosha macho kwa maji mengi safi, lakini la kulia liligoma kutulia. Lilikuwa linamchoma usiku na mchana. Nikawaambia wenye msiba kwamba huyu lazima apelekwe hospitali. Wakaniambia mjane hatoki mpaka matanga yaanuliwe, na mimi si wa ukoo. Kuna mila nazipenda na kuna mila zinanipandisha hasira mpaka leo. Ile ya kumfungia ndani mtu ambaye jicho linaoza, kwa heshima ya marehemu ambaye alikuwa anamkanda hilo jicho kila asubuhi, sijui niiite nini.

Siku ya kuanua matanga Gasto alikaa kwenye kiti, ukoo ukakaa kwenye mikeka. Nilijipenyeza nikakaa mlangoni. Gasto si mtu wa makelele. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha. Alisema shamba la alizeti ni la baba yao, linarudi kwa ukoo. Nyumba aliijenga Anselm kwenye ardhi ya ukoo, nayo inarudi. Mjane angeweza kuachwa akae mpaka mwisho wake, ndivyo ilivyo desturi kwa mjane aliyeishi vizuri na mume. "Lakini huyu," alisema, "sote tumeona."

Evodia alikuwa amekaa uso umeinama, kitambaa kimefunika jicho la kulia. Alisema, "Shemeji, macho yangu hayana machozi. Yamekauka zamani. Anselm alikuwa anajua."

"Anselm hayupo," Emiliana akajibu. "Umechagua shahidi mzuri, wifi."

Nilisema nilichokiona kibarazani, bakuli la maji ya moto na kitambaa. Gasto alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Asante, Mama Gerald. Wewe ni rafiki yake. Rafiki akinyamaza si rafiki." Basi, yakaishia hapo. Wakampa muda wa kuondoka mpaka alizeti iliyobaki ipigwe.

Kesho yake nikampeleka hospitali ya mkoa. Daktari wa macho alikuwa kijana, anaitwa Chediel, alisimama kutupokea na kutuamkia shikamoo kabla ya kutuuliza lolote, nikampenda hapohapo. Alimkalisha Evodia kwenye mashine, akatazama. Halafu akachukua vipande vyembamba vya karatasi, akavipachika ncha kwenye kope za chini za Evodia, akamwambia afumbe macho. Mimi nilikuwa natazama kwa mshangao, akaniuliza kama nami ningependa kupimwa. Nikapimwa. Muda ulipokwisha, karatasi zangu zilikuwa zimelowa mpaka katikati. Za Evodia zilitoka kama zilivyoingia.

Daktari alizishika mkononi akatueleza taratibu. Alisema chozi si la kulilia tu. Kila ukipepesa macho, kope zinapaka kioo cha jicho maji membamba yaliyochanganyika na mafuta kidogo na ute, ndiyo yanayoliosha na kulilinda. Yakipungua au yakiwa mabaya, upepo na moshi vinalipiga jicho likiwa uchi. Mwanzoni jicho hujitetea kwa kumwaga maji mengi, lakini ni maji matupu, hayakai, yanatiririka tu na kuliacha kavu vilevile. Matone yale ya kuondoa wekundu yalizidi kuliudhi. "Na kwako mama," akamwambia Evodia, "si upepo peke yake. Nimekuuliza habari za mdomo na vidole. Nitapima damu, lakini ninaona mwili wenyewe unapigana na mahali yanapotengenezwa machozi na mate. Unaweza kuhuzunika kuliko watu wote na jicho lisitoe kitu."

"Inapona?" Evodia akauliza.

"Haiponi. Inatunzwa." Akamwandikia matone yanayofanya kazi ya machozi, atie mara nyingi kwa siku, maisha yake yote, na dawa nyingine za jicho la kulia. Akamwambia avae miwani ya kuziba pembeni bila kumwonea haya mtu yeyote, aupe upepo mgongo, akae mbali na moshi, anawe mikono kila akishika vitunguu, asisugue, asitie kitu chochote cha dukani wala cha mitishamba. Na asubuhi akande kope kwa kitambaa cha uvuguvugu, kisha azisukume taratibu kuelekea kwenye kingo.

Evodia aliinua uso. "Hivyo ndivyo mume wangu alivyokuwa ananifanyia."

"Nani alimfundisha?"

"Hakuna."

"Alikuwa anakutibu, mama," daktari akasema.

Hapo nililia mimi. Machozi yangu ninayo, si nimeonyeshwa kwenye karatasi? Nililia kwa hasira zaidi ya huzuni. Evodia alinipapasa mgongo kana kwamba mfiwa ni mimi.

La jicho la kulia alilisema mwisho. Kioo chake kilikuwa na kidonda, na kwa kuwa kilikaa siku zote zile bila dawa kimekwenda ndani. Kitafunga, ila kitaacha kovu jeupe, na jicho hilo litaona mwanga na vivuli tu. "Mngekuja siku ileile," alianza kusema, kisha akaniangalia, akaacha.

Nikamwomba kitu kimoja. Nikamwambia, mwanangu, mpigie simu shemeji yake umweleze haya, wewe msomi atakusikiliza. Alimwomba Evodia ruhusa, Evodia akakubali, nikampa namba. Daktari alimweleza Gasto yote, kwa heshima, pole pole, mpaka habari ya karatasi. Sauti ya simu ilikuwa kubwa, nilisikia Gasto akisema, "Nimekuelewa daktari. Asante sana kwa kumsaidia." Moyo wangu ukarudi mahali pake. Halafu akasema, "Mimi nakubali kwamba hana machozi. Nakuuliza wewe msomi: mtu asiye na machozi na asiye na hatia, anahitaji kitunguu cha nini? Angekaa na uso wake mkavu, Mungu angemjua. Yeye aliamua kutudanganya mbele ya maiti. Aliyeweza hilo, ni lipi hawezi?" Daktari aliishusha simu, akairudisha mfukoni.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akasema mambo ya ukoo hayaingilii. Nilimwambia Evodia kuna sheria inayomlinda mjane, twende baraza la kata, ikibidi twende mbele zaidi. Nilikuwa tayari hata kufunga meza. Alinisikiliza akiwa amelala chali na dawa machoni. "Nikasimame mbele za watu niulizwe habari ya kitunguu?" akasema. "Mara ya pili siiwezi, Mama Gerald." Nilimsihi, nikamgombeza, nikamwita mwoga. Hakubadilika, na sikuwa na haki ya kumbadilisha.

Siku ya kutoka nilikwenda kumsaidia kufunga. Vitu vyake havikuwa vingi: godoro, masufuria, neti tupu, buti za mvua za Anselm ambazo hakuna aliyezidai. Alikuwa anahamia kwangu, kwenye chumba cha uani, mpaka tuone. Emiliana alikuja kupokea funguo, na wanawake kadhaa wa jirani walikuja naye, Asnath akiwemo, wakasimama uani wakijifanya wana mazungumzo yao.

Ulifika wakati wa dawa. Nilimkalisha Evodia kibarazani, akainua uso, nikamtia matone, jicho moja kisha jingine. Kwa hasira niliiminya chupa kwa nguvu, nikatia mengi kuliko yanayotakiwa. Yalijaa, yakafurika, yakamtiririka kwenye mashavu yote mawili mpaka kidevuni, na kwa sababu dawa ilimpoza hakujifuta.

Emiliana alisimama. Kama aliiona chupa iliyokuwa kiganjani mwangu au hakuiona, sijui.

"Tazameni," akawaambia wenzake. "Mume amelazwa mbele yake, hata chozi moja. Nyumba inaondoka, haya hapa yanamwagika."

Nilijua la kusema, nikainuka na chupa mkononi niwaonyeshe. Evodia alinivuta khanga, akanirudisha chini.

"Acha," aliniambia kwa sauti ndogo, uso bado umeinuka ili yasiishe haraka. "Waache wayaone. Hii ndiyo mara ya kwanza tangu afe."